Dar es Salaam hadi Songea kwa ndege: umbali, muda wa safari na jinsi ya kufika Mbinga na Mbamba Bay

Ukiandika kwenye simu "Dar hadi Songea kwa ndege ni muda gani", utaletewa jibu fupi: kama saa moja hivi. Jibu hilo ni sahihi. Shida ni kwamba watu wengi wanaouliza swali hilo hawaendi Songea. Wanaenda Mbinga, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, na huko ndege za abiria za ratiba hazifiki.

Matokeo yake mtu anakata tiketi, anawaambia ndugu zake "mchana nipo nyumbani", halafu magharibi inamkuta bado yuko njiani. Kama safari ni ya msiba, ya mgonjwa au ya usaili wa kazi, saa hizo zina maana kubwa.

Hapa tunakupa hesabu yote, kuanzia angani hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Kwa haraka haraka

- Uwanja wa kuondokea: Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam (DAR)
- Uwanja wa kufikia: Kiwanja cha Ndege cha Songea, mkoa wa Ruvuma (SGX)
- Umbali wa anga: takriban kilomita 580 (maili 360 za kawaida, au maili 313 za anga)
- Uelekeo: kusini magharibi
- Muda wa safari ya moja kwa moja: kati ya saa 1 na dakika 10 na saa 1 na nusu
- Umbali kwa barabara kupitia Iringa na Njombe: takriban kilomita 950
- Songea hadi Mbinga kwa barabara: takriban kilomita 100
- Mbinga hadi Mbamba Bay kwa barabara: takriban kilomita 66

Kilomita 580 zimepatikanaje?

Huo ni umbali wa mstari ulionyooka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, kwa kufuata mviringo wa dunia. Hauangalii mlima, mto wala pori.

Ndiyo maana tofauti na barabara ni kubwa. Basi linalotoka Dar kwenda Songea linaanza kuelekea magharibi: Morogoro, Iringa, Mafinga hadi Makambako. Pale linakata kushoto, linapita Njombe, ndipo linashuka kusini kuelekea Songea. Ni kama kuzunguka pande mbili za shamba wakati ndege inakatiza katikati. Kwa hesabu hiyo, barabara inakuongezea karibu kilomita 370.

Ipo pia njia ya kusini, ya Lindi, Masasi, Tunduru na Namtumbo. Nayo ni kilomita elfu moja na kitu, hivyo haipunguzi umbali. Inamfaa zaidi mwenye shughuli huko njiani.

Kwa nini tovuti moja inasema dakika 50 na tiketi inasema saa moja na zaidi?

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Tovuti nyingi za kukokotoa umbali huchukua kilomita na kuzigawa kwa mwendo wa ndege ikiwa imeshatulia angani. Kilomita 580 ukigawa kwa kilomita 660 kwa saa unapata dakika 53.

Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Kwanza inatembea taratibu kutoka maegeshoni hadi kwenye barabara ya kurukia. Kisha inapanda, na ikipanda inakwenda polepole zaidi. Ikikaribia Songea inapunguza mwendo, inashuka, inajipanga kutua. Ukijumlisha hayo yote, dakika 53 zinakuwa saa moja na robo hivi.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanzia ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa upande wa pili. Huo ndio wa kuufuata.

Angalia pia kama safari ni ya moja kwa moja. Kama tiketi inaonyesha mnapitia mji mwingine kwanza, hesabu inabadilika kabisa. Mfano, ukipitia Mtwara, Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 400 za anga, na Mtwara hadi Songea ni kama 500 nyingine. Hapo umeshaacha kilomita 580 na uko kwenye 900, bado hujaweka muda wa kusubiri kiwanjani.

Ndege ya aina gani?

Air Tanzania hutumia ndege ya Dash 8 Q400, ile ambayo wengi wanaiita "Bombardier" au ndege ya mapangaboi. Ina viti 76. Za kwanza za aina hii ziliingia nchini Septemba 2016.

Kuna wanaoidharau kwa sababu ya panga zake, wakidhani ni ndege ya kizamani. Si hivyo. Ndege za panga zinafaa kwa safari fupi na viwanja vyenye barabara fupi ya kurukia. Uwanja wa Songwe, Mbeya, una barabara ya mita 3,330 na unapokea ndege kubwa za jeti. Wa Songea ni mfupi zaidi, na uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kadiri uwanja unavyokuwa juu hewa inakuwa nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Kwa mazingira hayo Q400 inafanya kazi vizuri.

Na kwa umbali wa kilomita 580, jeti isingekuokolea muda mwingi. Pengine dakika kumi au kumi na tano tu, kwa sababu sehemu kubwa ya safari ni kupanda na kushuka.

Jihadhari na saa ya kwenye tiketi

Hili limewaachisha watu ndege. Tiketi inaandikwa kwa saa za kimataifa, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili. Mtu akiona 06:15 anasema "saa sita na robo", anafika uwanjani mchana, kumbe ndege iliondoka alfajiri.

Kanuni ni rahisi: kwa saa za mchana, toa sita.

- 06:15 ni saa kumi na mbili na robo asubuhi
- 09:40 ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi
- 12:30 ni saa sita na nusu mchana
- 15:20 ni saa tisa na dakika ishirini alasiri

Kama unamkatia tiketi mzee aliyeko kijijini, usimtumie picha ya tiketi peke yake. Mpigie simu, mwambie saa kwa Kiswahili, kisha mwombe arudie alichosikia.

Umetua Songea. Sasa Mbinga

Uwanja wa ndege wa Songea uko upande wa magharibi wa mji. Ukitoka nje utapata teksi, bajaji na bodaboda. Kama huna mtu wa kukupokea, unaenda stendi kutafuta gari la Mbinga.

Songea hadi Mbinga ni takriban kilomita 100 kwa barabara, ingawa kwa mstari ulionyooka ni chini ya 70. Njia ni ya lami. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa Changamoto za Milenia.

Kwa gari binafsi weka saa moja na nusu hadi mbili. Kwa gari la abiria linalosimama kushusha na kupakia, weka saa mbili hadi mbili na nusu, na usisahau muda wa kusubiri lijae.

Kitu kingine cha kuhesabu ni malori ya makaa ya mawe. Wilaya ya Mbinga ina machimbo ya Ngaka, na malori yake hutumia barabara hiyohiyo kwenda Songea na kuendelea Njombe. Ukikuta msururu wa malori kwenye mlima, hutapita haraka hata gari lako liwe zuri kiasi gani.

Anayekwenda Lituhi hana haja ya kufika Mbinga mjini. Njia yake inakatia Kitai, kabla ya Mbinga. Mwulize dereva mapema, la sivyo utapitilizwa ulipe nauli ya kurudi.

Mbinga hadi Mbamba Bay

Kipande hiki ni takriban kilomita 66. Zamani ndicho kilikuwa kilio cha watu wa Nyasa, hasa masika, magari yanakwama kwenye tope na watu wanalala njiani. Sasa ni lami.

Lakini lami haijaondoa milima. Mbinga iko juu, Umatengoni, kwenye nchi ya kahawa na mashamba ya ngoro. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo barabara inashuka mamia ya mita, kona juu ya kona. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 47 au 48 tu, zilizobaki ni kona.

Weka saa moja na nusu. Kama unaendesha mwenyewe na hujazoea njia hiyo, panga kushuka kukiwa bado kweupe. Mwezi wa sita na wa saba ukungu huwa mzito milimani asubuhi na jioni.

Kutoka Mbamba Bay, anayekwenda Liuli anapanda kaskazini kufuata ufukwe. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 25, kwa barabara ni zaidi. Ukifika Mbamba Bay jioni, uliza kwanza kama bado kuna gari la huko kabla hujamwahidi mtu kwamba utafika usiku huo.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Tuchukue msafiri anayetoka nyumbani kwake Dar kwenda Mbamba Bay, ndege ya moja kwa moja, na hakuna kilichoharibika njiani:

- Nyumbani hadi uwanjani, pamoja na foleni: saa 1
- Kufika mapema kwa ajili ya ukaguzi na mizigo: saa 2
- Safari ya ndege: saa 1 na dakika 15
- Kushuka, kuchukua begi, kupata usafiri: dakika 45
- Songea hadi Mbinga: saa 2
- Kubadilisha gari Mbinga, kula kidogo: dakika 30
- Mbinga hadi Mbamba Bay: saa 1 na nusu

Jumla ni saa 9. Ule muda wa ndege uliokuwa unauangalia kwenye simu ni sehemu moja kati ya saba ya safari nzima.

Kwa hiyo ndege ikiondoka Dar saa nne asubuhi, uko Mbamba Bay saa kumi jioni kama mambo yamekwenda sawa. Ikiondoka saa nane mchana, utashuka milima ya Mbinga gizani. Hapo ni busara kulala Songea au Mbinga.

Je, basi?

Mabasi ya Songea yanaondokea Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, na yapo pia yanayokwenda moja kwa moja hadi Mbinga. Mwendo wa juu wa basi kisheria ni kilomita 80 kwa saa. Kilomita 950 ukigawa kwa 80 ni karibu saa 12, bila kusimama popote. Ukiweka mizani, chakula, kuchimba dawa na milima ya Kitonga, unafika saa 13 hadi 16.

Ukiongeza kipande cha Mbinga na Mbamba Bay, safari nzima ni saa 18 hadi 20, na mara nyingi inabidi ulale mahali. Ndege inakuokolea kama nusu siku. Je, nusu siku hiyo ina thamani ya tofauti ya nauli? Kwa mwanafunzi anayerudi likizo na begi mbili, pengine hapana. Kwa anayewahi mazishi ya saa nane mchana, ni jambo jingine.

Lakini usisahau: mabasi yapo kila siku, na tangu 2023 yameruhusiwa kutembea usiku. Ndege haina uhakika huo wa kila siku. Mtu akipata taarifa leo jioni, na ndege inayofuata yenye nafasi ni keshokutwa, basi la usiku huu litamfikisha kabla ya ndege. Usilinganishe saa za angani na saa za barabarani tu. Linganisha siku ya kufika.

Njia ya Mbeya na meli

Wengine huuliza kama ni bora kuruka hadi Songwe, Mbeya, kisha kwenda Kyela na kupanda meli. Dar hadi Songwe ni takriban kilomita 690 za anga, na ndege za huko ni nyingi zaidi. Cha kushangaza, Dar hadi Mbamba Bay kwa mstari ulionyooka nako ni kama kilomita 690.

Lakini kutoka Songwe unavuka Mbeya na Tukuyu hadi Kyela, saa tatu na zaidi kwa gari. Kisha unasubiri meli. MV Mbeya II, iliyoanza kazi 2021, inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, na katika mwambao huo kuna bandari za njiani kama Lupingu, Manda na Liuli. Meli haiji kila siku, na kipindi cha kusi ziwa huchafuka.

Kwa anayetaka kuona ziwa na Milima ya Livingstone, ni safari nzuri sana. Kwa mwenye haraka, si njia ya kumshauri. Inamfaa tu mtu wa vijiji vya mwambao ambavyo barabara yake ni ngumu, tena akiwa ameshahakikisha siku ya meli.

Kama unasafirisha mgonjwa

Watu wengi wa Mbinga na Nyasa wanaangalia ndege kwa sababu ya rufaa ya kwenda Muhimbili. Mambo matatu ya kujua:

Kwanza, kabla ya kufikia uwanja wa ndege kuna hizo kilomita 100 au 166 za barabara. Mgonjwa aliyechoka atazisikia. Peramiho, yenye hospitali kubwa ya misheni, iko njiani kabla ya Songea, na Songea kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Daktari anaweza kuona ni bora atulizwe huko kwanza.

Pili, mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti, au anayehitaji hewa ya oksijeni, hapandi ndege ya kawaida hivihivi. Shirika la ndege litataka barua ya daktari na taarifa mapema. Usifike naye uwanjani ukitegemea huruma ya mtu wa kaunta.

Tatu, mjamzito aliyekaribia kujifungua naye huulizwa barua. Uliza kabla ya kulipa.

Kurudi Dar: kosa linalogharimu tiketi

Kwenda, ukichelewa njiani unachelewa kufika tu. Kurudi, ukichelewa njiani unaikosa ndege. Kutoka Mbamba Bay hadi uwanja wa Songea hesabu saa nne za barabara, ongeza saa mbili za kufika mapema. Kama ndege inaondoka saa tano asubuhi, ulitakiwa uwe umeondoka Mbamba Bay saa kumi na moja alfajiri, na gari lisipate pancha.

Usijaribu bahati. Lala Songea usiku wa kabla ya safari. Gharama ya gesti ni ndogo kuliko tiketi iliyopotea.

Na kama umebeba dagaa au mbasa wa kukausha, fungasha vizuri kwenye ndoo au boksi lenye mfuniko, harufu isitoke. Angalia kilo ulizoruhusiwa kwenye tiketi, maana ndege ya viti 76 haina nafasi ya mzigo kama basi.

Kabla hujalipa tiketi, jiulize

1. Ndege inakwenda Songea siku ninayotaka?
2. Ni ya moja kwa moja au inapitia mji mwingine?
3. Saa ya tiketi nimeigeuza kuwa ya Kiswahili?
4. Nikitua saa hiyo, nitapata gari la Mbinga, na la kuunganisha hadi Mbamba Bay?
5. Ndege ikichelewa saa tatu, nitalala wapi?
6. Wanaonisubiri nimewaambia saa ya kutua Songea, au saa ya kufika nyumbani?

Hilo la sita ndilo linalosahaulika zaidi. Ukimwambia mama aliyeko Mbamba Bay "natua saa tano", yeye anaanza kuangalia barabarani saa sita. Mwambie saa kumi jioni. Ukiwahi, itakuwa furaha.

Safari njema.